Kadi Sita Zilizopigwa Agrafu

Nimeona ujinga wa kila namna katika kazi hii ya kufufua mashine, lakini ule wa Papa Prefe ulikuja ndani ya bahasha ya kaki, umefungwa vizuri na una muhuri.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, lundi kama wasemavyo huku. Nilikuwa kwenye kibanda changu hapa Walikale, karibu na soko, ninapochaji simu, ninapowawekea watu nyimbo kwenye kadi zao na, siku Mungu akinikumbuka, ninapotengeneza kompyuta. Mkuu wa shule ya sekondari iliyo juu ya barabara, ambaye mji mzima unamwita Papa Prefe, aliingia amevaa koti katika joto lile, akaiweka bahasha mezani kwa mikono miwili. Nyuma yake alisimama mwalimu wake wa informatiki, yaani somo la kompyuta, mama mmoja mfupi mwenye daftari kwapani. Nilimsogezea kiti, akakikataa.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi sita. Kila karatasi ilikuwa na jina la shule, namba ya mashine, sahihi, muhuri wa duara na, kwenye kona ya juu, kadi ndogo ya memori iliyopigwa agrafu. Sisemi kadi ilitiwa kwenye kifuko na kifuko kikapigwa agrafu. Kadi yenyewe ndiyo ilitobolewa. Pini ya chuma iliingia mbele, ikatokea nyuma, ikakunjwa vizuri, kama wanavyofanya kwa picha yako kwenye fomu ya kitambulisho.

"Papa Prefe," nikamuuliza, "nani alifanya hii kitu?"

"Ni mie mwenyewe," akajibu, na niliona anadhani namsifu. "Tulipeleka mashine mu depo ya parokia juu ya wezi. Nikatosha kadi zote mu mashine. Kitu ya shule haitembeake bila karatasi. Agrafezi ndogo ilikataa, nikaenda kuomba ile kubwa ya kufunga marejista. Sasa angalia, hakuna hata moja yenye ilipotea."

Kweli, hakuna iliyopotea. Zote zilikuwa pale, zimekufa kwa utaratibu. Katika ofisi zetu kitu kisicho na karatasi hakipo, na kitu chenye karatasi kipo hata kama kimeoza. Nilicheka hadi nikashika meza. Papa Prefe akaanza kucheka pia, kwa adabu, bila kujua tunacheka nini. Mwalimu hakucheka.

"Kaka," akasema, "inspekteri anakuja jeudi, hii Alhamisi. Akikuta mashine sita zenye kuwaka, option ya informatiki inabakia. Asipozikuta, anaifunga. Niko na wanafunzi kumi na saba wa mwaka wa sita. Wako karibu na eksamini ya serikali. Akifunga sasa, watarudia wapi, fasi gani?"

Nilikuwa bado nafuta machozi ya kicheko. Nilimwambia tutaona.

Lazima nieleze mashine zenyewe. Zilikuwa vijisanduku sita vidogo ambavyo wafadhili fulani wa kanisa walivileta mwaka uliopita. Kijisanduku kama kile hakina diski ndani. Kila kitu chake kimo kwenye kadi. Ukiitoa kadi, unabaki na kopo lenye waya. Niling'oa pini zote kwa koleo, nikazijaribu kadi moja moja kwenye laptop yangu. Tano zilikuwa zimetobolewa katikati ya moyo. Moja ilipona kwa sababu pini ilipita kando yake ikaibana tu. Nilimwonyesha Papa Prefe ile moja, naye akasema ni neema ya Mungu. Nikamwambia ni mkono wake ulikuwa umechoka.

Kumbe alikuwa na dhambi ya pili mfukoni. Mwalimu alipomwambia, kabla hawajaja kwangu, kwamba kadi zimeharibika, Papa Prefe alinunua kadi sita mpya sokoni. Aliichomoa ile iliyopona chini ya pini yake, akaifungua kwenye laptop yake mwenyewe, akanakili mafaili yote, akayabandika kwenye hizo mpya, kisha akairudisha chini ya pini. Hakuna mashine iliyowaka.

"Na nilikopia yote," akalalamika. "Nilihesabu. Hakuna hata faili moja yenye ilibakia."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza, maana ujinga huu nimekutana nao tangu Goma, na wanaoubeba mara nyingi wana diploma. Wanadhani kompyuta ni gunia: ukimimina mahindi yote ndani, imejaa, basi itawaka. Lakini mashine ikiwashwa haijui faili ni nini. Haijui hata kwamba kuna kadi. Inajua jambo moja dogo tu, kwenda mahali fulani palipopangwa na kusoma kinachokaa pale. Pale ndipo panapokaa ile programu ndogo ambayo mafundi wanaiita bootloader, na mimi naiita kiamshi, kwa sababu kazi yake ni kuamsha mfumo mzima. Kwenye kadi za vile vijisanduku, kiamshi hakikai ndani ya folda yoyote. Kimeandikwa karibu na mwanzo wa kadi, kabla ya eneo la mafaili, mahali ambapo macho ya Papa Prefe na kipanya chake hayafiki. Angenakili hadi Krismasi, kile asingekibeba.

Nilimweleza hivyo. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza misa ya Kilatini.

"Asiyejua maana haambiwi maana," nikasema, na sikusema kwa sauti ndogo.

Mimi sina diploma. Nilizaliwa Karuba, kwenye vilima vya Masisi, nyumba ya wakulima wa viazi wenye ng'ombe watatu. Ufundi niliupata Goma, nikiwa nimeketi miaka mingi mbele ya meza ya mtu mwingine, nikitazama mikono yake. Vita vilipotusukuma mara ya mwisho nilishukia huku msituni, ambako hakuna maziwa, mvua haiombi ruhusa, na kila mtu aliyewahi kugusa kibodi anaitwa Injinia. Nilikuwa na mdomo mrefu hata kabla ya kufika. Huku ulirefuka zaidi.

Mchana ule tulipanda shuleni. Mwalimu alinifungulia darasa lake, nami nikacheka mara ya pili. Ubao mzima ulikuwa kompyuta. Aliichora kwa chaki, kubwa kama mlango, pamoja na tumbo lake wazi: diski hapa, memori pale, mishale ikienda na kurudi. Kwenye madawati kulikuwa na vipande vya kartoni vilivyochorwa herufi za kibodi kwa kalamu ya bik. Kabla ya vijisanduku kuletwa, aliniambia, alifundisha hivyo miaka minane. Wanafunzi waliandika barua za biashara kwa vidole juu ya kartoni, na yeye alipita katikati yao akiwakosoa kwa kutazama vidole.

"Na kartoni ikipata virusi, Mama Mwalimu?" nikauliza.

"Tunakata ingine," akasema, akafuta kona ya ubao apate nafasi ya kuandika.

Katika kadi sita mpya za Papa Prefe, nne zilikuwa za uongo, zile zinazoandikwa namba kubwa usoni na ndani hazibebi hata misa moja ya Jumapili. Mbili zilikuwa za kweli. Nilichukua kadi iliyopona nikainakili yote kwenye hizo mbili, kuanzia mwanzo kabisa hadi mwisho, pamoja na sehemu isiyo na faili wala jina. Vijisanduku vitatu vikawaka. Mwalimu alikuwa amesimama begani kwangu na daftari lake.

"Kaka, ile kiamshi ya kadi, juu ya nini haianzie mwanzo kabisa? Juu ya nini imesogea mbele kidogo?"

"Ni vile iko."

"Nani aliamua?"

"Wale wenye walitengeneza mashine. Mama, unataka ziwake ao unataka historia?"

Aliandika kitu kwenye daftari. Ukweli ni kwamba sikujua. Nilijua pa kuiandika na amri ya kuiandikia, basi. Hakuna mtu sokoni aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Zilibaki mashine tatu za kutafuta, na hata zikiwa zinawaka, zote zingehitaji kuwekewa mfumo ule wa kozi. Papa Prefe alizunguka mji akarudi na kompyuta ya mezani ya parokia, ambayo matundu yake yote ya flash yalikuwa yameliwa na kutu lakini ilikubali CD. Alileta laptop kuukuu ya sekretarieti ya shule. Ya tatu ilikuwa laptop yake mwenyewe, mpya, yenye karatasi ya nailoni bado juu ya kioo. Aliitoa kwa uchungu kama mtu anayetoa mbuzi wa mahari, nami nikamwambia asiogope, sina agrafezi.

CD ilinichukua Jumanne nzima. CD haibembelezwi. Kadi au flash unaweza kurudi kuirekebisha, lakini CD lazima uiambie wakati uleule wa kuichoma kwamba kiamshi chake ni hiki na kiko hapa, na ukikosea umepata kioo cha kujitazamia. Kwaya ya parokia ilikuwa na CD tupu tatu tu. Niliharibu mbili. Ya kwanza nililaumu jenereta, ya pili nikamlaumu Papa Prefe kwa kuongea. Ya tatu iliwaka, na mwalimu akataka kujua mbili za kwanza zilikosa nini. Nilimwambia zilikosa bahati. Aliandika hata hilo.

Jumatano asubuhi niliifikia laptop ya Papa Prefe, na hapo nikaaibika. Mashine mpya za aina ile hazitafuti kiamshi mahali pa siri. Zinataka sehemu ndogo ya diski au flash, iliyotengenezwa kwa mtindo wa zamani wa mafaili, na ndani yake folda yenye jina maalumu. Kiamshi kinakaa humo kama faili la kawaida. Unakinakili tu. Nilikuwa nimegeuza mgongo wangu ili Papa Prefe asione, lakini aliona.

"Sasa si umekopia?" akasema.

"Hii ni tofauti."

"Umechukua faili, umeitia mu folda. Nimeona." Akageuka kwa mwalimu, amejaa furaha. "Mwalimu, umeona? Huyu muntu wa maziwa ya Masisi alinitukana siku mbili, na yeye anakopiaka!"

Laptop ikawaka papo hapo. Nilimwambia kwamba hata saa iliyokufa husema kweli mara mbili kwa siku. Hakujali. Alitembea uwanja wa shule akimweleza kila mwalimu kwamba kukopia kunatosha, na mimi nilibaki darasani na laptop kuukuu ya sekretarieti, nikiwa nachemka.

Laptop zile za zamani zinataka mtindo mwingine tena. Kiamshi chake kimegawanyika. Kipande cha kwanza, kidogo mno, kinakaa mwanzoni kabisa mwa diski. Kazi yake ni kukiita kipande cha pili, kikubwa, ambacho kinakaa ndani zaidi na ndicho kinachojua kazi. Niliichomeka flash yangu, nikaiamsha laptop kwa flash, nikaweka mfumo kwenye diski, kisha nikaandika amri ya kusimika kiamshi. Niliiandika haraka, huku nikisikia sauti ya Papa Prefe dirishani ikisema kukopia, kukopia. Nikazima, nikawasha. Laptop ikaamka vizuri kabisa.

"Umeijaribu bila flash yako?" mwalimu akauliza.

"Mama Mwalimu, hii kazi nimeifanya miaka tisa. Wewe mashine yako ni ya chaki."

Alinitazama kidogo. Hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa na pa kuiweka hasira yake. Alirudi ubaoni akaendelea kuandika. Nilizima laptop, nikachomoa flash, nikaitia mfuko wa suruali na kufunga kifungo, kwa sababu katika shule ile kitu chochote kidogo ungeweza kukikuta kesho kimepigwa agrafu.

Mkaguzi alifika Alhamisi kabla ya saa nne, nyuma ya pikipiki, matope hadi magotini. Alikuwa mtu mzima mkavu, mwenye macho ya kutoamini. Papa Prefe alimpangia kuku na ndizi za kuponda ofisini, na mimi niliwaza: sasa atakula, atapiga muhuri, atapanda pikipiki yake, na hakuna atakayeziona mashine zangu. Nilikuwa tayari kumdharau. Yule mtu akasema chakula kitangoja, akaingia darasani na matope yake.

Wanafunzi kumi na saba walisimama. Walikuwa wamevaa nyeupe na buluu, wamepiga pasi, na wengine walikuwa wakubwa kiasi cha kuwa na watoto. Papa Prefe alisimama karibu na mlango akiwa ameshika karatasi za kukabidhi mashine, mpya, zenye muhuri. Mimi nilisimama nyuma, nikiwa nimekunja mikono, nikingoja kusifiwa.

Mkaguzi hakutaka mtu amsaidie. Aliwasha mwenyewe, mashine moja baada ya nyingine, kwa kidole chake, akangoja kila moja iamke ndipo aandike. Vijisanduku vitatu viliamka. Kompyuta ya parokia iliunguruma na CD yake, ikaamka. Laptop ya Papa Prefe iliamka kabla hajaondoa kidole. Tano. Akafika kwenye laptop ya sekretarieti, akabonyeza.

Kioo kilibaki cheusi. Juu kabisa yakatokea maneno machache meupe ya Kiingereza, chini yake alama ndogo ikipepesa. Basi. Haikuendelea.

Mkaguzi alingoja. Sote tuliingoja ile mashine. Kijana mmoja wa mbele alifumba macho. Niliona mwalimu ameshika ukingo wa meza yake.

"Ni kurā, Papa Inspekteri," akasema Papa Prefe. "Umeme ya hapa inasumbuaka."

"Kurā iko," akasema mkaguzi. "Taa inawaka. Hii ni ya sita?"

"Ni ya sita," akajibu mwalimu.

Nilikunjua mikono nikaanza kwenda mbele. Tayari nilijua kosa liko wapi. Mkaguzi akainua kalamu bila kunitazama. "Ngoja. Nauliza mwalimu wa kozi. Mama, hii mashine iko na nini?"

Nilifikiri mwalimu amekwisha. Nilifikiri juu ya kartoni, juu ya chaki, juu ya mama ambaye siku tatu sikumruhusu kugusa hata kitufe kimoja, kwa sababu mikono yangu ilikuwa ya haraka zaidi. Aliinama akasoma yale maneno meupe, polepole, mara mbili. Kisha akachukua rula yake ndefu akaenda ubaoni, na kwa mara ya kwanza nikausoma ubao ule. Kila nilichofanya tangu Jumatatu kilikuwa pale: kadi, CD, laptop mpya, laptop ya zamani, kila kimoja na mchoro wake, kiamshi kikiwa kimepakwa chaki nyekundu mahali pake. Hata CD mbili nilizoharibu zilikuwepo, na kando yake ameandika sababu. Ilikuwa sababu ya kweli.

"Mashine haikufe, Papa Inspekteri," akasema. "Ikiwaka, inaenda ku mwanzo wa diski, hapa. Inakuta kipande ya kwanza ya kiamshi. Iko, ndiyo ile inaandika haya maneno. Lakini ile kipande inajua kazi moja tu, kuita mwenzake mukubwa. Inaita, hakuna mwenye anaitika. Kwa hiyo mukubwa hakuwekwa ku diski. Aliwekwa fasi ingine."

"Fasi gani?"

"Ku flash yenye ilitumika kwa kusimika. Amri iliandikwa mbiombio, kipande moja ikaenda huku, ingine ikabakia kule." Akainyoosha rula hadi nyuma ya darasa. "Kaka, leta."

Wanafunzi kumi na saba waligeuka. Kifungo cha mfuko kilinikatalia, nikahangaika nacho mbele ya wote, kisha nikatembea katikati ya madawati nikampa flash mkononi. Aliichomeka mwenyewe, akazima, akawasha. Laptop ikaamka. Alimwambia mkaguzi kwamba leo hii, akishaondoka, watakihamishia kipande kikubwa kwenye diski, na kwamba wanafunzi ndio watakaofanya, maana amri wanaijua, iko ubaoni.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma kwa sauti alichoandika, kwamba mashine sita zinawaka na option inaendelea, na darasa likapumua kwa pamoja. Papa Prefe alikuwa tayari ameshatoa muhuri mfukoni. Nami nilikuwa bado nimesimama mbele, kati ya meza na ubao, nisijue pa kuweka mikono.

"Na huyu ni nani?" mkaguzi akauliza, akinitazama kwa mara ya kwanza, ndevu zangu na yote.

Mwalimu alikuwa anafuta chaki vidoleni.

"Ni mwanafunzi, Papa Inspekteri," akasema. "Ameanza lundi."

"Basi aketi na wenzake."

Kijana wa dawati la nyuma akasogea, akaivuta kartoni yake upande wake, nami nikaenda nikaketi.